Kazi majuu: Uliza mlango kabla ya kuuliza mshahara

Ujumbe huu bila shaka umewahi kukufikia kwa WhatsApp: "Kazi Ulaya. Mshahara mnono. Nyumba na chakula bure. Nafasi chache zimebaki. Tuma picha ya pasipoti sasa hivi." Chini yake kuna bendera, picha ya ndege na nambari ya simu. Ukipiga, swali lako la kwanza ni doo ngapi kwa mwezi. La pili ni safari ni lini. La tatu, ukiwa tayari umeanza kuwaza ni nani wa kukukopesha, ni ajenti anataka ngapi.

Swali ambalo hujauliza ndilo litakaloamua utaishi vipi huko: mwajiri ananiingiza nchini kwake kwa mlango gani?

Hatukuambii usiende. Hali ya kazi hapa nyumbani tunaijua. Una digrii ama diploma, umetuma barua za maombi hadi umechoka kuzihesabu, na bado unaamka alfajiri kwenda kusimama nje ya geti la kiwanda ukingoja kuchaguliwa kwa kibarua cha siku moja. Anayepata nafasi halali ng'ambo na aende, tena aende na baraka zetu. Tunachosema ni kwamba viza haiishi kazi yake pale uwanja wa ndege. Hiyo ni mkataba wa pili, umekaa kimya nyuma ya mkataba wa kazi, na mara nyingi huo wa pili ndio wenye nguvu.

Nikupe mfano wa karibu. Binamu yangu aliondoka Umoja mwaka wa 2023 kwenda Uingereza kuhudumia wazee. Mama yake aliuza kipande cha shamba, na chama cha shangazi kikaongezea kilichopungua. Mkataba ulisema saa 39 kwa wiki. Alipofika, akakuta kampuni iliyomwita ina ofisi ndogo na wateja wa kuhesabu kwa vidole. Wiki nyingine alipata saa 12 pekee. Alipolalamika aliambiwa, "Kumbuka sisi ndio wadhamini wako." Miezi michache baadaye kampuni hiyo ikapokonywa leseni ya kudhamini wafanyakazi wa kigeni. Ikaja barua: una siku 60, utafute mdhamini mwingine au uondoke. Alituma maombi zaidi ya mia moja. Alirudi JKIA na begi moja, na deni la chama likiwa linamngoja nyumbani.

Binamu yangu hakuwa mvivu, wala hakughushi karatasi yoyote. Kila kitu chake kilikuwa halali. Lakini viza yake ilikuwa imefungwa kwa mwajiri mmoja kama mbuzi kwenye kigingi, na kigingi kilipong'oka, alianguka nacho. Na si yeye pekee. Serikali ya Uingereza yenyewe ilisema kwamba kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 ilifuta leseni zaidi ya 470 za waajiri katika sekta hiyo ya malezi. Wafanyakazi waliohusishwa na waajiri hao walizidi 39,000. Hebu fikiria umati wa Nyayo siku ya mechi kubwa, kisha uwape wote barua ya siku 60.

Tazama pia jinsi mlango wenyewe ulivyobadilika. Wahudumu wa malezi walifunguliwa njia hiyo Februari 2022, wakati nyumba za wazee zilikuwa zinalia kwa kukosa watu. Machi 2024 wakazuiwa kuja na mke, mume au watoto. Julai 2025 mlango ukafungwa kabisa kwa wanaoajiriwa wapya kutoka nje. Kwa hivyo ukisikia ajenti anakuuzia leo "nafasi ya kuhudumia wazee Uingereza, viza wiki sita", jua anakuuzia mbuzi ndani ya gunia, na gunia lenyewe ni tupu.

Sasa tuingie jikoni tuone mambo yanavyopikwa. Mwajiri wa nje anapotaka kumleta mfanyakazi kutoka Kenya, sheria za nchi yake humpa njia kadhaa. Ipo ya msimu, ya wenye ujuzi, ya mafunzo, na ya kazi za nyumbani. Kila moja ina bei yake, muda wake na masharti yake. Anayeketi na kalamu kuzilinganisha ni mwajiri, pengine na wakili wake. Anajiuliza: ipi nafuu? Ipi ya haraka? Ipi itamfanya huyu mtu asiniache baada ya miezi mitatu akaenda kwa jirani anayelipa vizuri? Hiyo ni biashara, na hata wewe ukiwa na kampuni ungejiuliza vivyo hivyo. Ubaya ni wewe kuwekwa kwenye hesabu hiyo bila kujua kwamba inapigwa.

Ndiyo maana tunakuomba uwe na maswali manne. Yaandike kwenye simu. Yaulize kabla ya kutuma hata shilingi moja kwa M-Pesa.

Swali la kwanza: Viza yangu imefungwa kwa nani, na nikitaka kuhama nitahamaje?

Watu wengi tunaijua kafala ya Ghuba, kwa sababu tumeyasikia machungu yake kutoka kwa dada zetu. Chini ya kafala, ruhusa yako ya kukaa nchini inamtegemea kafili, yaani mwajiri. Akikuripoti kuwa umetoroka, unageuka mhalifu hata kama ulichotoroka ni kichapo. Lakini hata huko milango haifanani. Qatar ilibadilisha sheria mwaka wa 2020, ikawaruhusu wafanyakazi kubadili mwajiri bila kupewa barua ya ruhusa na yule wa kwanza, na tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara ni riyali 1,000 kwa mwezi, wafanyakazi wa nyumbani wakiwemo. Saudi Arabia nayo ilileta mageuzi yake Machi 2021, lakini wafanyakazi wa nyumbani wakaachwa nje. Kwa hiyo wasichana wawili wanaweza kupanda ndege siku moja, wote wakienda "Uarabuni", mmoja akiwa na haki ya kuhama kazi na mwenzake hana. Tofauti yao ni mlango.

Usidhani huu ni ugonjwa wa Waarabu. Kanada, nchi ambayo vijana wetu wanaiimba kama wimbo wa kanisani, ina kibali cha kazi kinachotaja jina la mwajiri mmoja tu. Mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu utumwa wa kisasa alipozuru Kanada mwaka wa 2023 aliukosoa vikali mpango wao wa wafanyakazi wa muda, akisema unamweka mfanyakazi mahali pa kudhulumiwa kwa urahisi. Kwa upande mwingine, tangu 2019 Kanada humruhusu mfanyakazi wa kibali cha aina hiyo anayenyanyaswa kuomba kibali kingine kisichomfunga kwa mwajiri yeyote. Ni wangapi kati yetu wamewahi kuambiwa hilo na ajenti?

Swali la pili: Nani analipa nini?

Hapa ndipo Wakenya wengi huumia. Kule Kanada, mwajiri anayetaka kumleta mfanyakazi kwa mpango wa muda lazima kwanza athibitishe kwamba hakupata Mkanada wa kuifanya kazi hiyo. Ombi hilo hulipiwa dola 1,000 za Kanada kwa kila nafasi, na ni marufuku kumrudishia mfanyakazi mzigo huo. Uingereza, kuna tozo ambayo mwajiri hulipa serikali kwa kumleta mgeni, na tangu zamani haruhusiwi kukukata wewe. Mwisho wa 2024 marufuku hayo yakapanuliwa kufikia gharama ya leseni ya udhamini na ya cheti cha udhamini. Ada ya ombi la viza yenyewe unaweza kulipa wewe. Cheti hapana. Hata Shirika la Kazi Duniani, ILO, lina kanuni iliyo wazi tangu 2016: gharama za kumtafuta na kumwajiri mfanyakazi zisibebeshwe mfanyakazi.

Kwa hivyo, bro, mtu akikwambia "cheti cha udhamini ni laki nane, lakini kwa sababu wewe ni wa kwetu nitakufanyia sita", hajakupunguzia kitu. Amekuuzia kitu kisichouzwa. Na angalia jambo moja: mwajiri anayeanza uhusiano wenu kwa kuvunja sheria ya nchi yake ataanzia wapi kuiheshimu ukishafika kwake? Deni ulilokopa ndilo litakalokufunga mdomo. Ukilala njaa, utafikiria chama. Ukitukanwa, utafikiria shamba la mama. Kuna watu wamefungwa kwa viza, na kuna waliofungwa kwa deni, na wengine kwa vyote viwili.

Swali la tatu: Mlango huu unaishia wapi?

Kuna mlango unaoingia sebuleni, na kuna mlango unaoingia stoo. Viza ya msimu ya Uingereza, ile ya kuchuma matunda na mboga, ni ya miezi sita. Huendi na familia, na huwezi kuigeuza kuwa viza nyingine ukiwa kule. Si mbaya kwa anayejua anachofanya: anakwenda, anachuma, anarudi na mtaji wa kufungua duka. Ni balaa kwa aliyeacha kazi ya kudumu Nairobi akidhani amehamia Uingereza.

Linganisha na Ujerumani. Huko kuna njia kadhaa, na kijana wa Kenya anafaa kuzijua kwa majina. Ipo Ausbildung, mafunzo ya ufundi ambapo unasoma na kufanya kazi huku ukilipwa posho. Ukimaliza na kufanya kazi ya fani yako kwa miaka miwili, na kutimiza masharti mengine, unaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Ipo Kadi ya Buluu kwa wenye digrii na mshahara wa kiwango fulani. Mwaka wa kwanza ukitaka kubadili kazi unaarifu ofisi ya wageni, baada ya hapo uko huru, na ukiwa na Kijerumani cha B1 unaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miezi 21. Halafu ipo Chancenkarte, Kadi ya Fursa, iliyoanza Juni 2024. Hii ya mwisho imewaponza wengi kwa sababu ya jina lake. Hakuna mwajiri ndani yake. Inakupa hadi mwaka mmoja wa kutafuta kazi, unaruhusiwa vibarua vya saa 20 kwa wiki, na lazima uonyeshe una pesa za kujikimu, zaidi ya euro 1,000 kwa kila mwezi. Anayekuuzia Chancenkarte akisema "kazi iko tayari" hajaisoma, au ameisoma na anaomba Mungu wewe usiisome.

Na kumbuka kuuliza kuhusu familia. Una mtoto wa miaka mitatu. Utamwona lini? Mlango mwingine unamruhusu akufuate, mwingine unamwacha kwa nyanya yake hadi aingie darasa la pili akikujua kwa sauti ya simu. Hilo nalo ni sehemu ya mshahara, ingawa halionekani kwenye payslipu.

Swali la nne: Nani mwingine anaweza kuthibitisha haya?

Ajenti hawezi kuwa shahidi wa ajenti. Orodha ya waajiri wenye leseni ya kudhamini wageni Uingereza iko wazi kwenye tovuti ya serikali yao. Utaona jina la kampuni, mji wake, aina ya viza inayoruhusiwa kudhamini na daraja la leseni. Inachukua dakika tano, bando la shilingi ishirini linatosha. Kuwa kwenye orodha si dhamana ya wema, maana hata mwajiri wa binamu yangu alikuwemo, lakini kutokuwemo ni jibu tosha. Hapa kwetu, Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, huchapisha orodha ya maajenti waliosajiliwa. Kule Ujerumani, mwajiri aliye siriasi anaweza kuanzisha utaratibu wa haraka wa wafanyakazi wenye ujuzi katika ofisi ya wageni ya mji wake, kwa ada ya euro 411, ukishampa idhini kwa maandishi. Muulize, "Utatumia utaratibu huo?" Mwajiri wa kweli ataelewa swali. Wa uongo atakasirika.

Na kuna mlango mmoja ambao hauhitaji hata kuthibitishwa: viza ya utalii. Ukiambiwa "ingia kama mtalii, karatasi za kazi tutazibadilisha ukifika", usipande ndege hiyo. Vijana Wakenya waliookolewa kutoka kambi za utapeli wa mitandaoni kule Myanmar walikuwa wameahidiwa kazi nzuri Thailand. Walitua Bangkok kama wageni wa kawaida, wakasafirishwa hadi mpakani, wakavushwa na kufungiwa. Walipookolewa wakasimulia vipigo na saa za kazi zisizoisha. Mtu asiye na hadhi ya mfanyakazi kwenye pasipoti yake hana pa kushtaki kama mfanyakazi.

Wewe unayeandika kodi kwenye laptopu kule Roysambu pengine unasema haya hayakuhusu. Yanakuhusu. Kampuni ya Marekani inayotaka kukupeleka kwao kwa viza ya H-1B inagombania nafasi 85,000 kwa mwaka, tena kwa kura ya bahati nasibu. Tangu Septemba 2025 serikali ya huko imeweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya watu walio nje ya nchi. Kwa hiyo waajiri wengi watapiga hesabu na kukwambia, "Baki Nairobi, tutakulipa hukohuko." Huo nao ni mlango. Uliza wanakuajiri kama nani. Kama mfanyakazi, kupitia kampuni iliyosajiliwa hapa, utakatwa NSSF na SHA, utapata likizo, na huwezi kufutwa kwa barua pepe ya mistari miwili. Kama mkandarasi, kodi ni juu yako, ugonjwa ni juu yako, na siku wakiamka vibaya, kazi imeisha. Dola zinavutia, lakini soma ulichotia sahihi.

Sasa tugeukie serikali, maana kijana hawezi kubebeshwa mzigo wote peke yake. Septemba 2024, jijini Berlin, Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa uhamiaji na ajira mbele ya Rais Ruto na Kansela Scholz. Kabla wino haujakauka, ikasambaa habari kwamba Wakenya 250,000 wataajiriwa. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikalazimika kujitokeza na kusema mkataba huo hauna idadi yoyote, na kwamba kila anayeomba atatimiza masharti ya sheria zao. Lakini namba ilikuwa imeshaingia mtaani. Vijana walijiandikisha kwenye madarasa ya Kijerumani wakiamini kuna kiti kina jina lao. Kijerumani si hasara, mtu asikudanganye. Hasara ni kumpa kijana namba bila kumpa njia.

Tunataka jambo rahisi. Kila mara waziri anaposimama kutangaza nafasi elfu kadhaa ng'ambo, tangazo lijibu maswali yale manne kwa maandishi: ni viza ya aina gani na imefungwa kwa nani, mwajiri analipa nini na kijana analipa nini, inaishia wapi, na ofisi gani Nairobi au kule ugenini inaweza kuthibitisha. Kama serikali haiwezi kujibu, basi haijapata kazi za kutangaza. Imepata hotuba. Na maafisa wa ubalozi watumwe kutembelea waajiri kabla ya vijana kusafiri, siyo baada ya video ya mtu anayelia kusambaa TikTok.

Lakini haki haiwezi kuwa ya kwenda tu. Nairobi nayo ni majuu ya mtu. Yule kijana Mrundi anayekuuzia njugu kwenye foleni ya magari, Mganda anayelea mtoto wa jirani yako, Mkongomani anayekata nywele mtaani kwenu, wote wametoka kwao kuja kutafuta kwetu. Na wewe mwenye kampuni changa, unayemtaka yule mtaalamu wa data kutoka Kigali, siku ukimwajiri utakuwa mwajiri wa kigeni. Utamwingiza kwa mlango gani?

Sheria yetu ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inataka mgeni anayeajiriwa awe na kibali, na kwa kazi ya kawaida hicho ni kibali cha daraja D. Unaeleza kwa nini hukupata Mkenya, na unamtaja Mkenya atakayejifunza kazi hiyo kando yake. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, iliahidi wafanyakazi wa Jumuiya uhuru wa kuvuka mipaka, na raia wa nchi kama Uganda na Rwanda husamehewa ada ya kibali hapa. Kusamehewa ada si kusamehewa kibali. Bado unapaswa kumwombea. Ipo pia pasi maalumu, ambayo ni ya kazi ya muda mfupi. Wako waajiri wanaoifufua kila inapokaribia kufa, mwaka mzima, kwa sababu ni rahisi kwao. Mfanyakazi anaishi roho mkononi, hajui kama mwezi ujao atakuwa halali. Na wako wakimbizi, ambao chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2021 wanaweza kufanya kazi, na kibali chao cha daraja M hakilipishwi. Waajiri wengi hata hawajui kipo.

Tunajua kinachofanyika badala yake. Yaya Mganda hapewi kibali wala mkataba, analipwa kidogo kuliko Mkenya kwa sababu "atashtaki wapi?" Kitambulisho chake kinakaa kwenye droo ya tajiri. Hiyo ni kafala, tena bila hata sheria ya kuielezea. Huwezi kulia kwa ajili ya dada yako aliye Riyadh kisha ukafunga droo hiyo kwa kufuli.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walikuwa wakarimu, lakini pia walikuwa watu wa kazi: ukikaa, utalima. Ambacho methali haikusema ni jembe ni la nani, na siku mgeni akitaka kuliweka chini aende zake, ataruhusiwa? Enzi hizo halikuwa swali. Mgeni alishika fimbo yake na kuondoka. Leo kuna pasipoti, kuna mdhamini, kuna barua ya siku 60.

Binamu yangu sasa anafanya kazi ya bodaboda hapo Umoja na anasoma Kijerumani jioni. Anataka kwenda tena, kwa Ausbildung ya uuguzi. Juzi alipigiwa simu na mtu aliyedai ana mwajiri tayari kule Ujerumani. Nilikuwa nimekaa kando yake. Hakuuliza mshahara. Alitoa daftari, akauliza ni viza ya aina gani, jina kamili la hospitali ni lipi, nani analipia mafunzo, na akitaka kuhama afanyeje. Yule mtu akasema ataulizia kisha apige baadaye.

Hajapiga mpaka leo. Na binamu yangu hajapoteza shilingi.